Mazoea ya Kazini Yanamkinga Mtumishi na Nini?

Umepangiwa kusimamia zahanati. Iwe Lituhi au Liuli ufukweni mwa Ziwa Nyasa, iwe juu kwenye milima ya Umatengo, haitachukua muda kugundua kwamba watumishi wanaujua mwongozo wa Wizara na bado wanafanya tofauti. Kipimo cha malaria kimetoka hasi, mtoto anaandikiwa dawa mseto. Maji na sabuni vipo, lakini mikono haioshwi kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine. Partografu, chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, inajazwa mama akiwa ameshajifungua na uji ameshakunywa. Wazo la kwanza litakalokujia ni kuomba semina. Liweke kando kwanza. Semina humpa mtu maarifa, na hapa maarifa yapo.

Ninachokuomba ni kimoja: kabla hujamwondolea mtumishi mazoea yake, tafuta yanamkinga na nini. Mara nyingi utakuta hofu ya kufiwa na mgonjwa, aibu ya kuonekana hajui, au woga wa lawama kutoka wilayani. Mazoea yanayomkinga mtu hayaondoki kwa waraka. Yataondoka siku atakapopata kinga nyingine anayoiamini.

Jibu hasi, dawa ile ile

Kisa cha kipimo cha malaria kimechunguzwa vizuri hapa hapa Tanzania, na kila msimamizi anapaswa kukijua. Mwishoni mwa 2006 nchi iliacha SP kama dawa ya kwanza ya malaria ikaingia kwenye dawa mseto, dawa nzuri na ya bei kubwa zaidi, isiyofaa kugawiwa kila mwenye homa. Kwa hiyo haja ya kupima ikawa kubwa zaidi. Mwaka 2007 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali za kaskazini mashariki mwa nchi. Wagonjwa wengine walipimwa kwa hadubini, wengine kwa kipimo cha haraka. Katika makundi yote mawili, zaidi ya nusu ya waliopata jibu hasi waliandikiwa dawa ya malaria. Tabibu aliagiza kipimo, akasubiri, akasoma jibu, kisha akaandika kana kwamba jibu halikuja.

Mwaka uliofuata Clare Chandler na wenzake wakachapisha utafiti mwingine, wa kukaa na matabibu na kuwasikiliza. Walichokisikia hakikuwa ujinga. Matabibu walikuwa wamefunzwa tangu chuoni kuiona malaria kabla ya ugonjwa mwingine wowote. Wenzao wakubwa walifanya hivyo hivyo. Waliamini wagonjwa wanataka kuambiwa ni malaria. Zito kuliko yote, waliona kwamba kuikosa malaria ni kosa lisilosameheka, ilhali kuukosa ugonjwa mwingine ni jambo ambalo watu wataelewa. Soma tena sentensi hiyo ukijiweka kwenye kiti cha tabibu aliye peke yake saa kumi jioni, gari la rufaa liko mbali na giza linakaribia. Vidonge vya mseto anavyoviandika vinamtibu na yeye pia.

Huku kwetu jambo hili lina sura yake. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay inakushusha kutoka kwenye baridi ya kahawa hadi kwenye joto la mihogo na usipa. Mbu wa ufukweni na mbu wa milimani si sawa kwa wingi, na homa nazo hazifanani. Tabibu aliyejifunzia kazi ziwani amezoea kwamba homa ni malaria, na kwa sehemu kubwa uzoefu huo ulimsaidia. Mhamishie milimani mwezi wa Juni, kwenye ukungu, nyumba zina moshi na watoto wanakohoa, naye atakwenda na macho yale yale ya ziwani. Ukimwambia tu kwamba anakosea, unaudharau uzoefu uliookoa watoto kule alikotoka. Mwambie badala yake kwamba huku homa zina mchanganyiko mwingine, mwonyeshe rejista ya zahanati hii, mwache ahesabu mwenyewe.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, na ningependa likusumbue na wewe. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti kutoka nchi kadhaa za Afrika na Afghanistan. Ulionyesha kwamba pale vipimo vya haraka vilipoingizwa, dawa za malaria zilipungua na antibayotiki zikaongezeka. Hofu ilinyimwa dawa moja, ikashika nyingine. Ukipima mafanikio yako kwa kuhesabu vidonge vya mseto peke yake, utaandika taarifa nzuri kwenda wilayani huku amoksilini ikigawiwa kwa kila mafua. Kwa hiyo hesabu zote mbili kwa pamoja.

Kuuliza bila kumbana mtu

Swali la "kwa nini hufuati mwongozo?" lina jibu moja tu, nalo ni samahani. Ukilipata hujajifunza kitu. Subiri foleni iishe, kaa upande ule ule wa meza anaokaa mwenzako, mtaje mtoto fulani wa leo, kisha uulize: "Yule ungemrudisha nyumbani bila mseto, usiku huu ungekuwa unawaza nini?" Halafu nyamaza. Ukimya wako ndio utakaomfungua. Anaweza kukuambia juu ya mtoto aliyempoteza miaka mingi iliyopita, au juu ya familia iliyomsema sokoni. Hapo ndipo umeanza kazi.

Umri una nafasi yake. Wewe una miaka 28 na cheo kipya cha mganga mfawidhi. Muuguzi unayemsimamia amezalisha nusu ya vijana wa kata hii. Mwamkie shikamoo kila asubuhi mbele ya wote, na usimrekebishe mbele ya wadogo zake au mbele ya mgonjwa. Ukimfedhehesha mara moja, atakutii ukiwepo na kurudi kwenye mazoea yake ukigeuza mgongo, na wadogo zake watajua wa kumfuata ni nani. Ukitaka jambo jipya lishike, mwombe yeye awe wa kwanza kulijaribu na kukwambia linapokwama. Mara nyingi atakwambia ukweli ambao hakuna semina ingekufundisha.

Kabla ya yote hayo, hakikisha jambo linawezekana. Susan Michie na wenzake wa London walipendekeza mwaka 2011 kwamba tabia husimama juu ya mambo matatu: uwezo, fursa na msukumo. Wasimamizi wengi hukimbilia msukumo, huhubiri maadili ya kazi, kumbe fursa haipo. Kama vipimo vya haraka havijafika kutoka Bohari ya Dawa, au ndoo yenye koki iko korido ya pili, hakuna saikolojia itakayosaidia. Isogeze ndoo hadi anapogeuka tabibu baada ya kumgusa mgonjwa. Hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Mpe kinga nyingine

Umeshajua anachokiogopa. Sasa mpe kitu cha kufanya mahali pa dawa, kwa sababu mtumishi asiye na la kufanya baada ya jibu hasi atashika kalamu. Mtoto mwenye jibu hasi anahitaji kuhesabiwa pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya kutiliwa maanani. Anahitaji kutazamwa masikio, koo na ngozi, na kuulizwa kama ananyonya, anatapika kila kitu, au amepata degedege. Mama au bibi yake anahitaji kuambiwa siku ya kumrudisha na dalili za kumrudisha saa hiyo hiyo. Tabibu aliyefanya haya analala, kwa sababu ameacha mlango wazi na familia inajua lini kuurudia.

Mpe na maneno pia. Tuseme bibi amepanda mlima tangu alfajiri na mjukuu mgongoni. Tabibu wetu kijana anasoma kipimo, anasema: "Hana malaria." Bibi anasikia: hana kitu. "Daktari, mtoto anachemka tangu juzi, nawe unasema hana kitu?" Tabibu anatahayari, wagonjwa wengine wamegeuza shingo, na mseto unaandikwa ili aibu iishe. Mfundishe aanze upande wa pili: "Bibi, homa ipo, nimeigusa kwa mkono wangu. Kipimo kimetuambia malaria siyo. Sasa nataka nijue ni nini kinachomsumbua, hebu mfungue nguo tuangalie anavyopumua." Bibi akiona mtoto anavuliwa shati na kutazamwa, ameshapewa huduma. Wengi wanaodai dawa walikuwa wanadai kutazamwa. Fanyeni igizo la mazungumzo haya, mmoja akiwa bibi, hadi maneno yatoke bila kutafutwa. Ukiwa ufukweni, yajaribuni pia kwa Kinyasa au Kimanda, na huku juu kwa Kimatengo.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha katika tafiti nyingi kwamba nia peke yake ni dhaifu, lakini nia iliyofungwa kwenye tukio ina nguvu. "Nitafuata mwongozo" haimsaidii mtu. Kinachomsaidia ni "kipimo kikitoka hasi, nitahesabu pumzi kabla ya kushika kalamu." Kila mtumishi atunge ya kwake, kwa maneno yake, aiandike mahali anapoiona yeye tu.

Njia hii ya kugusa hofu, maneno na mgonjwa kwa pamoja ilijaribiwa Muheza na Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 2010. Watumishi wa vituo vya vijijini walikutana katika vikundi vidogo na kujadili jinsi ya kulikubali jibu hasi, wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu, na sehemu nyingine wagonjwa nao wakapewa vipeperushi. Mseto kwa wenye jibu hasi ulipungua. Nchini Kenya, Dejan Zurovac na wenzake walichapisha mwaka 2011 jaribio la ujumbe mfupi wa simu uliotumwa kwa wahudumu vijijini kwa miezi 6. Utoaji sahihi wa dawa mseto kwa watoto ulipanda kwa karibu pointi 24 za asilimia, na ulikuwa bado umesimama hapo miezi 6 baada ya ujumbe kukoma. Ujumbe ule ulibeba kipande cha mwongozo pamoja na neno la kutia moyo. Nakushauri usiache hilo la pili. Kundi lenu la simu la zahanati lipo tayari. Litumie kwa jambo moja kwa wiki, si kwa kutuma mwongozo mzima ambao hakuna atakayeufungua.

Sengu ya zahanati

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Kurt Lewin alitafuta namna ya kuwashawishi akina mama wa Marekani kupika figo na mioyo ya wanyama, vitu walivyovidharau. Waliosikiliza mhadhara mzuri, ni takriban 3 tu katika kila 100 waliovipika. Waliokaa kwenye duara, wakajadili vikwazo wenyewe, kisha wakanyoosha mikono kwamba watajaribu, walifika 32.

Mtu wa Mbinga hahitaji kusafiri hadi Marekani kulielewa hilo. Wamatengo walikuwa na sengu: mahali pa ukoo ambapo babu, wanawe na wajukuu walikula pamoja chakula kilichotoka nyumba zote, wakazungumza mashamba, kazi na ugomvi. Uamuzi ulitoka pale ukiwa wa wote. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipoanza kazi Mbinga katika miaka ya 1990, hawakuanza kwa kufundisha. Walijifunza kwanza ngoro, jinsi majani yanavyopangwa kwa miraba kwenye mteremko na kufunikwa udongo hadi mlima ujae vishimo vinavyoshika maji na rutuba. Mgeni mwenye haraka angeona vishimo tu. Baadaye, kijijini Kindimba, wanakijiji walipopata mashine ya kusaga inayoendeshwa na nguvu ya maji, kamati waliyoiunda iliitwa sengu. Mabwana shamba na mabibi shamba wanaosoma mwongozo huu wataona kwamba yote ninayosema juu ya zahanati yanawahusu na wao.

Basi anzisha sengu ya zahanati, mara moja kwa mwezi. Kuleni pamoja. Wote wawepo, na mhudumu anayefanya usafi pia, kwa sababu yeye huona mengi. Chukueni rejista ya MTUHA, watoto 20 wa mwisho waliopata jibu hasi, mhesabu wangapi waliandikiwa mseto na wangapi antibayotiki. Msitaje nani aliandika. Wenyewe waseme mwezi ujao wanataka idadi iwe ngapi na watafanya nini ili ifike, na mtu mmoja aandike. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2012 uliokusanya majaribio ya kuwaonyesha wahudumu takwimu zao ulikuta maendeleo ya pointi 4 hivi za asilimia kwa kawaida. Yalikuwa makubwa zaidi pale walipoanza wakiwa chini, takwimu zilipotolewa zaidi ya mara moja na mwenzao au msimamizi wao, kwa mdomo na kwa maandishi, zikiwa na lengo na mpango. Usitundike ukutani majina ya waliofanya vibaya. Aibu itawafundisha kuirekebisha rejista tu.

Jambo hilo linatupeleka kwenye partografu. Inajazwa baadaye kwa sababu imegeuka ushahidi. Mama akipata tatizo, karatasi itasomwa na watu wasiokuwepo usiku ule, na mkunga aliyekuwa peke yake na akina mama watatu anajua hivyo. Ukija na kuuliza kama imejazwa, umemwambia kwamba karatasi ndiyo unayoijali. Ingia wodini uchungu ukiwa unaendelea, simama naye, uliza: "Mstari unakwambia nini sasa hivi? Tupige simu Mbinga au tusubiri?" Mkunga akiona mara moja kwamba mstari umemsaidia kupata rufaa mapema, na kwamba ulikuwa upande wake, kalamu itashikwa kwa wakati. Akilaumiwa kwa ukweli alioandika, hutaupata ukweli huo tena.

Juu ya kunawa mikono nitasema kidogo. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa wodi yake ya wazazi Vienna wasafishe mikono kwa maji ya klorini, vifo vya wazazi vikashuka sana, na bado wakubwa wengi wa fani walimkataa. Kukubali kungekuwa kukiri kwamba mikono yao iliwaua akina mama. Basi usimwambie mtumishi kwamba mikono yake ni michafu. Adam Grant na David Hofmann walionyesha mwaka 2011, katika hospitali moja ya Marekani, kwamba tangazo linalotaja usalama wa mgonjwa lilifanya watu wasafishe mikono zaidi kuliko lile linalotaja usalama wa mhudumu mwenyewe. Bandika karibu na koki maneno yanayomtaja mtoto mchanga wa wodi hiyo.

Wewe nawe

Gari la wilaya linapofika, mara nyingi watu wanashuka na orodha ya kukagua, wanaweka tiki, wanasaini kitabu cha wageni, wanawahi zahanati inayofuata. Orodha hiyo nayo inakinga. Inamkinga msimamizi na kisa kirefu cha muuguzi ambaye hajalala, na maswali ya vifaa ambayo hana majibu yake. Nimeandika haya nikiwafikiria hasa wasimamizi, kwa sababu usimamizi shirikishi hauwezi kuwa shirikishi kama anayesikiliza ni karatasi. Punguza zahanati unazotembelea kwa siku, ukae mahali pamoja hadi foleni iishe.

Tarajia kurudi nyuma. Watumishi wawili wakiwa likizo na foleni imefika nje ya geti, mazoea ya zamani yatarudi, kwa sababu mtu aliyechoka hutumia kile ambacho mwili unakijua. Usilichukulie kama usaliti. Kwa siku kama hizo kubalianeni mapema jambo moja tu litakalolindwa, kwa mfano kuhesabu pumzi, mengine yasubiri wiki itulie.

Uhamisho nao huvunja mengi. Mtumishi mpya huisoma zahanati katika siku zake za kwanza kwa kuangalia watu wanafanya nini, wala si kwa kusoma kilichobandikwa ukutani. Usimpeleke chumba cha peke yake asubuhi ya kwanza hata kama foleni ni ndefu. Mkalishe wiki nzima na yule mwenzako anayemfungua mtoto shati kabla ya kushika kalamu, na sengu ya kwanza atakayohudhuria mwombe aeleze walivyokuwa wakifanya kule alikotoka.